Herufi moja, maumbo manne: maswali ya wasomaji kuhusu maandishi ya Kiarabu katika kompyuta

Barua tulizopokea kuhusu herufi za Kiarabu katika kompyuta zinakaribiana mno kiasi kwamba tumeona vyema tuzijibu pamoja. Tumezifupisha bila kubadili hoja zake, na tumeanza na ile ambayo jibu lake linazifungulia njia nyingine.

Nimeletewa faili lenye maandishi ya Kiarabu, lakini kila nikilifungua naona mfululizo wa alama kama Ø§Ù„ na nyingine za namna hiyo. Aliyeniletea anasema kwake linasomeka vizuri. Je, faili limeharibikia njiani?

Faili lako ni zima. Kilichopotoka ni namna programu yako inavyolisoma. Kompyuta haihifadhi herufi; huhifadhi namba, na namba hizo hugeuka kuwa herufi pale tu aliyeandika na anayesoma wanapotumia jedwali moja linaloeleza namba ipi ni herufi ipi. Katika UTF-8, ambao ndio usimbaji (namna ya kugeuza herufi kuwa namba) uliotawala intaneti siku hizi, alifu huandikwa kwa baiti mbili, yaani namba mbili za kati ya 0 na 255: 216 na 167, na lamu kwa baiti 217 na 132. Programu yako haikutambua kwamba baiti hizo huenda mbili mbili. Ilichukua kila baiti kuwa herufi kamili ya jedwali la lugha za Ulaya Magharibi, ambamo 216 ni Ø, 167 ni §, 217 ni Ù, na 132 ni alama ya nukuu inayokaa chini ya mstari. Ndiyo maana herufi mbili, ال, zimekuwa alama nne. Kila unapokuta maandishi yaliyojaa Ø na Ù, tambua kwamba karibu hakika unatazama Kiarabu cha UTF-8 kilichosomwa kwa jedwali lisilo lake.

Dawa yake ni kulifunga faili bila kuhifadhi chochote, kisha kulifungua upya huku ukiieleza programu kwamba usimbaji ni UTF-8. Nasisitiza maneno "bila kuhifadhi chochote", kwa sababu madhara ya kweli huanzia hapo. Mtu akilihifadhi faili hilo katika jedwali lisilo na nafasi ya herufi za Kiarabu, programu nyingi huweka alama ya kuuliza mahali pa kila herufi isiyopata nafasi, na alama ya kuuliza haikumbuki ilichukua nafasi ya herufi gani. Maandishi yaliyosomwa vibaya hurekebishika, lakini yaliyogeuzwa kuwa alama za kuuliza yamekwisha kupotea.

Vurugu hii ina historia yake. Jedwali la ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963, lina nafasi 128 tu, na nafasi hizo zilitosha Kiingereza na alama zake. Kwa kuwa baiti moja ina nafasi 256, nafasi 128 zilizobaki ziligombewa na lugha nyingine zote, kila moja ikijipangia inavyotaka. Kiarabu kilipata majedwali kadhaa, na mawili kati yake yalienea zaidi: ISO 8859-6, lililotolewa mwaka 1987, na Windows-1256 la kampuni ya Microsoft. Majedwali haya yanakubaliana kuanzia alifu hadi dhadi, kisha yanaachana, kwa sababu Windows-1256 liliacha herufi kama à, ç na é katika nafasi zake za kawaida ili Kiarabu na Kifaransa viweze kuandikwa katika faili moja. Matokeo yake ni kwamba namba 225 ni fe katika ISO 8859-6 na ni lamu katika Windows-1256, na namba 227 ni kafu katika lile la kwanza na ni mimu katika la pili. Kosa la namna hii ni baya kuliko lako, kwa kuwa baadhi ya herufi hutokea sawasawa na nyingine hubadilika, na msomaji asiyejua Kiarabu hawezi kushuku lolote.

Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ilikusudiwa kumaliza ugomvi huo kwa kuipa kila herufi ya kila mwandiko namba yake isiyogawanwa na nyingine. UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ni namna mojawapo ya kuziandika namba hizo kwa baiti.

Herufi be huandikwa kwa namna nne kulingana na mahali ilipo katika neno. Je, ina namba nne katika Unicode, au ni moja? Na kama ni moja, kompyuta inajuaje ichore ipi?

Ni moja. Msomaji huyu ameuliza swali lililo kiini cha habari yote hii, na tungependa kulijibu kwa urefu.

Tazama maneno mawili: باب, yaani mlango, na حبيب, yaani mpenzi. Katika neno la kwanza be imetokea mara mbili, mara ya kwanza ikiwa imeshikana na alifu inayoifuata, na mara ya pili ikiwa peke yake, kwa sababu alifu haimshiki anayeifuata. Katika neno la pili be ipo katikati, imeshikwa pande zote mbili, kisha ipo mwishoni, imeshikwa upande mmoja. Hayo ni maumbo yote manne katika maneno mawili. Hata hivyo, ukichungulia ndani ya faili utakuta namba ileile mara nne: 1576, ambayo katika hesabu ya msingi wa kumi na sita huandikwa U+0628. Unicode husimba utambulisho wa herufi na kuuacha uchoraji wake kwa wengine. Be ni be popote ilipo, kama ambavyo kila mwanafunzi aliyeanza na alifu kwa kijiti anavyofundishwa kwamba zile sura nne ni za herufi moja.

Kazi ya kuchagua umbo huachiwa hatua ya baadaye, maandishi yanapoonyeshwa. Unicode huambatanisha na kila herufi maelezo ya tabia yake ya kuungana: herufi nyingi huungana pande zote mbili, lakini alifu, dali, dhali, re, ze na wau huungana na iliyotangulia tu. Programu ya kupanga maumbo husoma mfululizo wa namba, huzingatia tabia hizo, kisha huiomba fonti itoe mchoro wa mwanzo, wa kati, wa mwisho au wa peke yake. Programu mojawapo ya namna hiyo, HarfBuzz, inatumiwa na vivinjari vya Chrome na Firefox na pia na mfumo wa Android. Jina lake limeundwa kwa maneno ya Kiajemi yenye maana ya "herufi wazi". Wengi wanaosoma Kiarabu kwenye simu kila siku hawajawahi kulisikia.

Hatua hiyo hufanya zaidi ya kuchagua sura nne. Lamu ikifuatwa na alifu, kanuni ya mwandiko wa Kiarabu hailegei: lazima ziandikwe kwa umbo moja, لا. Katika faili herufi zimebaki mbili, na ukifuta kwa kurudi nyuma mara moja utaona alifu imeondoka na lamu imebaki. Mchoro ni mmoja, herufi ni mbili, na hakuna mgongano wowote kati ya mambo hayo.

Mtu akitaka kulazimisha umbo fulani, zipo alama mbili zisizoonekana. U+200D huifanya herufi ichukue umbo la kuungana hata kama hakuna jirani. Ndivyo waandishi wa vitabu vya kufundishia wanavyoonyesha be ya mwanzo ikiwa peke yake. U+200C hufanya kinyume chake: huzuia herufi mbili zisiungane, na katika Kiajemi si pambo hata kidogo, kwa kuwa tahajia sahihi ya maneno mengi ya lugha hiyo inaitegemea.

Nilinakili ukurasa wa Kiarabu kutoka katika faili la PDF. Kwa macho maandishi ni sahihi kabisa, lakini nikitafuta neno lililo mbele yangu, kompyuta inasema halipo. Kuna siri gani?

Huenda umenakili michoro, si herufi. Baada ya kusema kwamba be ina namba moja, inabidi tukiri kwamba Unicode ina namba nyingine nne za be: U+FE8F kwa ile ya peke yake, U+FE90 ya mwisho, U+FE91 ya mwanzo na U+FE92 ya kati. Ziliwekwa ili maandishi yaliyotoka katika mifumo ya zamani, ambayo ilihifadhi maumbo moja kwa moja, yaweze kuhamishwa bila kupoteza kitu. Hazikukusudiwa kuandikia maandishi mapya. Baadhi ya programu zinazotengeneza PDF bado huzitoa, na kwa kompyuta neno lililoandikwa kwa namba hizo halilingani hata kidogo na lile ulilochapa kwenye kibodi, japokuwa jicho haliwezi kuyatofautisha.

Ukiwa na programu inayoweza kusawazisha maandishi kwa kanuni ya Unicode iitwayo NFKC, maumbo hayo yote hurejeshwa kwenye herufi zake za asili. Tahadhari ni moja. Kanuni hiyo hufumua pia alama zinazobeba maneno mazima: U+FDFA, alama moja inayoonyesha maneno "salla Allahu alayhi wa sallam", hugeuka kuwa herufi na nafasi 18. Kwa kutafutia maneno hilo halina madhara, ila usilifanye juu ya nakala pekee uliyo nayo ya maandishi yanayopaswa kubaki jinsi mwandishi alivyoyaandika. Fanya juu ya nakala ya pili, na ile ya asili uiache kama ilivyo.

Ikiwa hata baada ya hapo neno halipatikani, angalia kama herufi zimehifadhiwa kinyumenyume. Mifumo ya zamani isiyojua kuandika kutoka kulia ilihifadhi herufi kwa mpangilio wa macho kutoka kushoto, na baadhi ya PDF hufanya hivyo hadi leo.

Katika orodha yetu ya majina, mtu mmoja anatokea mara mbili. Majina yanafanana herufi kwa herufi. Tumefuta nafasi za ziada, lakini kompyuta bado inasema ni watu wawili.

Mimi mwenyewe niliwahi kumaliza siku nzima juu ya tatizo hili hili nikipanga faharasa ya kitabu, kwa hiyo najua linavyochosha. Mkosaji alikuwa ye.

Zipo angalau tatu zinazoweza kukaa mwishoni mwa neno na kumdanganya msomaji. U+064A ni ye ya Kiarabu yenye nukta mbili chini. U+0649 ni alifu maksura, isiyo na nukta. U+06CC ni ye ya Kiajemi, ambayo mwanzoni na katikati ya neno huonyesha nukta mbili, na mwishoni huzivua. Jina Ali likichapwa kwa kibodi ya Kiarabu na ya Kiajemi hutoa namba tofauti, na likiandikwa kwa desturi ya Misri, ambako ye ya mwisho mara nyingi huachwa bila nukta, linaweza kuishia na alifu maksura. Kafu nayo iko mbili: U+0643 ya Kiarabu na U+06A9 ya Kiajemi na Kiurdu, na katikati ya neno huwezi kuzitofautisha. Tarakimu pia zina seti mbili, moja ya kuanzia U+0660 na nyingine ya kuanzia U+06F0, ambazo nyingi zake zinafanana, isipokuwa 4, 5 na 6 katika Kiajemi zina sura zake.

Wako wanaolaumu Unicode kwa kutenganisha vitu vinavyofanana. Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa sahihi. Ye inayovua nukta mwishoni na ye isiyozivua zina tabia mbili tofauti, na mwandishi wa Kiajemi asingepata tahajia yake kama zingefanywa moja. Lakini anayejenga hifadhidata anapaswa kulijua jambo hili mapema. Weka safu mbili: moja ihifadhi jina kama mwenyewe alivyoliandika, nyingine ihifadhi jina lililosawazishwa kwa ajili ya kutafutia, ambamo ye zote zimekuwa moja, kafu zote zimekuwa moja, na alifu zenye hamza na madda zimerudishwa kwenye alifu tupu. Kuwasahihishia watu majina yao ndani ya safu ya kwanza ni kosa, hata likifanywa kwa nia ya usafi.

Ninaandika programu. Jina Muhammad katika Kiarabu lina herufi nne, lakini programu yangu inahesabu nane. Pia maandishi mawili yenye shadda yanakataa kulingana ingawa yanaonekana sawa.

Jina ulilopewa lina irabu. Katika Unicode fatha, dhumma, kasra, sukuni, shadda na tanwini ni alama zinazojitegemea, kila moja ikiwa na namba yake kati ya U+064B na U+0652, na huandikwa baada ya herufi inayozibeba. مُحَمَّد ni mimu, dhumma, he, fatha, mimu, shadda, fatha, dali: namba nane na baiti 16 katika UTF-8. Ukitaka idadi ya herufi kama mtu anavyozihesabu, unapaswa kuhesabu vikundi, yaani kila herufi pamoja na alama zake, na lugha nyingi za programu zina maktaba ya kazi hiyo. Usikate maandishi kwa kuhesabu baiti, la sivyo utaipasua herufi katikati.

Swali lako la pili linahusu mpangilio. Watu wengi huchapa shadda kwanza kisha fatha, lakini usawazishaji wa Unicode hupanga alama kwa daraja zake, na fatha ina daraja la 30 ilhali shadda ina 33, kwa hiyo fatha hutangulia. Maandishi yaliyosawazishwa na yasiyosawazishwa yatatofautiana kwa namba ingawa Unicode yenyewe huyahesabu kuwa sawa. Sawazisha pande zote mbili kabla ya kulinganisha. Vivyo hivyo alifu yenye madda inaweza kuwa namba moja, U+0622, au alifu ikifuatwa na madda, na usawazishaji huzileta pamoja.

Nikichanganya Kiarabu na namba au maneno ya Kilatini, mabano yanageuka na namba zinahamia upande usio wake. Je, ni lazima niandike namba kinyume?

Hasha. Daima chapa kwa mpangilio unaotamka na kuandika, kwa kuwa ndivyo faili linavyohifadhi: kinachosomwa kwanza hukaa kwanza. Kanuni ya Unicode ya pande mbili ndiyo inayoamua kila kipande kionyeshwe kuelekea wapi. Herufi za Kiarabu zinakwenda kushoto, za Kilatini zinakwenda kulia, na tarakimu, hata zikiwa ndani ya Kiarabu, zinakwenda kulia, tarakimu ya thamani kubwa ikitangulia. Mabano, nafasi na vituo havina upande wake; hufuata majirani, na mabano hugeuzwa sura ili bano la kufungua liendelee kufungua. Matatizo hutokea bano linapokaa kati ya lugha mbili, au aya nzima ikidhaniwa kuwa ya Kilatini kwa sababu imeanza na neno la Kilatini.

Tamka upande wa aya kwanza. Katika kurasa za intaneti hufanywa kwa sifa ya dir yenye thamani rtl. Hilo peke yake huponya kesi nyingi. Kwa kipande cha lugha nyingine ndani ya sentensi, tumia alama za kutenga, U+2066 hadi U+2069, zilizoingizwa katika Unicode mwaka 2013, ili kilichomo kisivurugane na kilicho nje.

Ninanakili miswada ya kale ambayo haina nukta. Nifanye nini na herufi inayoweza kuwa be, te au nuni? Na je, sauti p na v za Kiswahili zina namba?

Kwa nukta, Unicode imechukua msimamo unaofaa kuujua: nukta ni sehemu ya herufi, si alama inayobandikwa juu yake. Be haifumuliwi kuwa kijiti na nukta, tofauti na alifu yenye hamza, ambayo hufumuliwa. Lakini wasomi wa miswada hawakusahauliwa. Ipo be isiyo na nukta, U+066E, na qafu isiyo na nukta, U+066F, na fe isiyo na nukta, U+06A1. Andika U+066E pale ambapo mswada umenyamaza. Ukiandika te kwa sababu unadhani ni te, msomaji wa baadaye hataweza kujua kwamba nukta zile ni zako.

Kuhusu sauti za Kiswahili, پ ya p ni U+067E, چ ya ch ni U+0686 na ڤ ya v ni U+06A4. Zote zimo katika fungu kuu la Kiarabu, kwa hiyo fonti nyingi zinazo, na kila moja ni baiti mbili. Waandishi wengi wa zamani hawakuzitumia: be ilisimama mahali pa b, p na mb, na msomaji alitambua kwa maana. Ukikuta be mahali ambapo leo tungeandika p, weka U+0628, iliyo katika mswada, na neno lenyewe kwa herufi za Kilatini uliandike pembeni yake.